Alama Arobaini za Ngongoti

Kitu cha kwanza nilichokipima kwenye kifaru cha mdogo wangu kilikuwa nafasi kati ya gurudumu la kwanza na la pili. Hapo ndipo wengi huanguka. Kifaru cha aina ile kina magurudumu matano kila upande, na lile la mbele limejitenga kidogo na wenzake. Asiyejua huyapanga yote kwa nafasi moja kama vifungo vya shati. Niliingiza kalipa, kipimio changu cha taya mbili, nikasogeza taa, nikasoma. Nafasi ilikuwa sawa. Nikapima mara ya pili kwa sababu sikutaka iwe sawa.

Niseme mapema tusije tukadanganyana: nilikuwa na wivu. Si ule wa kutaniana, wa kusema "ah, bahati yako." Ni ule unaomfanya mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye mvi na miwani, ainame juu ya kidude cha plastiki akiomba kiwe na kasoro.

Kwa kazi mimi ni fundi wa meno ya bandia. Siku nzima nashinda na plasta, nta na vinywa vya watu. Jumamosi ni za chama chetu, watu thelathini na kitu tunaokutana kwenye ukumbi wa shule kuunganisha vifaru vidogo, vile vinavyouzwa vipande vipande ndani ya boksi, kila kimoja kikiwa kimepunguzwa mara thelathini na tano. Mara moja kwa mwaka tunashindana. Majaji wawili hutazama gundi na rangi. Mimi, kwa miaka kumi na sita sasa, natazama ukweli: je, kifaru hiki kweli kilikuwa hivi, au mtu amejitungia? Nina kalipa, nina kioo cha kukuzia, nina kitabu kinene cha michoro ambacho wenzangu wamekibatiza jina la Hakimu. Boksi jipya likiingia dukani watu hungoja nililipime na kuandika kwenye jarida letu kabla hawajafungua pochi. Nikisema kichwa cha kifaru ni bapa kama mfuniko wa sufuria, boksi hilo linaozea rafuni.

Boksi alilotumia mdogo wangu nililiua kwa mkono wangu mwenyewe mwaka juzi. Niliandika: "Minyororo ya magurudumu ni myembamba kama utepe. Msihangaike nalo." Yeye akahangaika nalo.

Mdogo wangu anaitwa Ngongoti hata na watoto wake. Ni kitinda mimba wetu, mrefu wa kuinamia milango, fundi vigae. Mbali na vigae hajawahi kumaliza kitu. Alianza gitaa, akaliacha lina nyuzi mbili. Alianza kufuga kanga, wakaishia chunguni. Ana cheko la kujaza nyumba, na watu humpenda kabla hajafungua mdomo. Mimi watu hunipenda wakishanizoea, na si wote.

Halafu kuna baba. Ujanani baba alikuwa dereva wa kifaru, miaka tisa. Tangu mama afariki anaishi kwangu. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki, mimi ndiye ninayejua dawa ipi kabla ya chakula na ipi baada, na meno anayotafunia nimemtengenezea mimi, seti mbili. Vifaru vyenyewe nilivianza kwa ajili yake. Kifaru chake, namba kumi na nne, nimekiunganisha mara tatu, kila mara kwa usahihi zaidi. Kila mara alikichukua, akakigeuza, akasema, "Kizuri," akarudisha sikio kwenye redio.

Miaka miwili iliyopita Ngongoti alianza kuja kila Jumapili mchana. Anaingia chumbani kwa baba, mlango unarudishiwa, kisha kicheko. Baba yangu, mtu wa "kizuri", anacheka mpaka anakohoa, tena anacheka kwa meno yangu. Nikiingia na chai wananyamaza. Si kwa ubaya. Wananyamaza vile watu wanavyonyamaza mhudumu akileta chai. Siku moja nilisimama nyuma ya mlango na sinia, nikamsikia Ngongoti akiuliza, "Halafu ikawaje, baba?" Mtu asiyejua tofauti ya mzinga wa milimita mia na wa milimita themanini na tano. Mke wangu alinikuta pale.

"Chai inapoa," akaniambia. "Na wewe unachemka."

Basi siku ya mashindano nikamwona Ngongoti anaingia ukumbini kainama mlangoni, kabeba boksi la viatu. Nyuma yake alikuwa baba, kavaa koti la sherehe. Asubuhi aliniaga kwamba anakwenda kunyolewa. Nikajitia hamnazo, nikaendelea kunoa penseli yangu iliyokwisha nolewa.

Alikuwa ameandikisha kifaru chake kwenye kundi gumu kuliko yote, tunaloliita Kifaru Kimoja. Humo huleti kifaru cha aina fulani tu. Unaleta kifaru kimoja kilichokuwepo duniani, na namba yake. Kwenye kadi aliandika kwa mkono wake wa fundi: "Namba 14. Dereva: baba yetu." Walau aliandika yetu.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa jiografia, alinivuta pembeni. "Ni ndugu yako yule. Ukitaka kukaa kando nitaelewa."

"Kuna mwingine wa kukagua?"

"Hayupo. Na sisi tunakujua, hupendelei mtu. Hata mimi ulinikata alama mbili kwa ajili ya taa."

"Taa ilikuwa ya mwaka mwingine."

"Najua. Uliniambia mwaka mzima."

Nikakaa, nikaanza kupima. Nimeshaeleza magurudumu. Nikahamia kwenye minyororo, ile niliyoicheka kwenye jarida, nikiwa na uhakika hapo hatoki. Nikaweka kioo. Hakuwa ametumia ya kwenye boksi. Alikuwa amechukua vile vimisalaba vya plastiki ambavyo mafundi vigae huweka katikati ya kigae na kigae, akavikata kimoja kimoja, akavipiga tupa na kuviunga, vipande mia na themanini kwa pande mbili. Kalipa ikasema upana ni sawasawa. Sikuwahi kufikiria kitu kama hicho maishani mwangu. Jirani wa meza ya pili alichungulia, akasema, "Ukiona vyaelea vimeundwa," nikamwomba asinizibie mwanga.

Kisha nikazipata. Nasema ukweli, moyo ulinirukaruka kwa furaha. Kasoro tatu. Gurudumu la tatu la kushoto lilikuwa la aina ya zamani, lenye mikono kama nyota, wakati mengine tisa ni mabapa. Taa ya mbele ya kulia haikuwepo, na mahali pake palining'inia kopo. Nyuma palitakiwa mapipa mawili ya mafuta, lilikuwa moja, limefungwa kwa mnyororo. Kila kosa kwetu ni alama mbili kati ya arobaini zangu. Nikamwita.

"Hizi tatu umezitoa wapi?"

"Kwa baba," Ngongoti akasema. "Kaka, yeye ndiye alikuwa anakiendesha."

"Una picha? Una hati?"

"Nina baba."

Akamwonyesha kwa kidevu. Baba alikuwa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti, ananitazama kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Sheria hiyo niliiandika mimi mwenyewe, miaka ile: chochote kinachotofautiana na kitabu kiwe na picha, au hati, au mtu aliyekiona kwa macho yake, na mtu huyo ahojiwe na jaji faraghani ili mshindani asimtie maneno mdomoni. Sababu za kila alama husomwa mbele ya wote, na kadi hubandikwa chini ya kifaru. Sikudhani sheria yangu ingekuja kuniletea baba yangu. Tukaenda kwenye chumba cha walimu, nikafunga mlango, nikaweka kitabu mezani kati yetu, na kifaru pembeni.

"Shahidi," nikaanza, "gurudumu la tatu la kushoto..."

"Unaniita shahidi?"

"Ndiyo sheria, baba."

"Haya. Shahidi." Akaketi vizuri. "Lile lilivunjika tukivuka kijito. Mafundi wakatuchomolea jingine kwenye kifaru cha zamani kilichokufa kando ya barabara. Likaingia kwa shida, na tangu siku hiyo likawa linaimba. Kweli. Linapiga mluzi ukifika mwendo fulani. Mpishi kambini alikuwa akilisikia kabla hajatuona, anabandika maji."

"Lakini baba, kitovu cha gurudumu la zamani ni kidogo kwa..." Mkono wangu ulishafungua ukurasa. "Hapa. Kwa mujibu wa mchoro, haliwezi kuingia."

Baba akakunja mikono, akatabasamu kwa adabu, macho yakahamia dirishani. Nikaitambua ile sura. Ndiyo sura ya "kizuri". Nimeishi nayo tangu nikiwa kijana na kitabu cha kwanza kwapani, na siku zote nilidhani ni sura ya mtu asiyependa kuongea. Safari hii nilikuwa nimekaa mbele yake kwa kalamu na karatasi, nikaiona inavyoingia. Iliingia baada ya neno langu.

"Kwa nini haya hukuniambia mimi?" nikauliza. Swali hilo halimo kwenye sheria.

"Mimi nikuambie?" Alishangaa kweli, hakuwa na kinyongo. "Mwanangu, kila nikianza, wewe ndiye uliyekuwa unanisimulia. Nikisema kilikuwa kijani, unasema hapana, baba, kijani cha namna ile kilikuja baadaye. Nikasema huyu anakijua kifaru changu kuliko mimi. Nikakuachia."

Roho ilinisuta, na wakati huohuo wivu ukapanda zaidi, maana niliona hesabu yote: Jumapili mia moja za Ngongoti zilikuwa zangu, na nilizitoa bure kwa kujua sana. Yeye alizipata kwa kutojua chochote. Nikamfunga Hakimu, nikamweka chini ya kiti.

"Halafu ikawaje?" nikasema.

Maneno yalikuwa ya mdogo wangu, lakini yalifanya kazi. Baba akaeleza juu ya taa, kwamba aliigonga mwenyewe kwenye nguzo ya lango akirudi nyuma, na siku hiyo kamanda alimtukana mpaka akaishiwa. Kopo lilikuwa la kunywea, na kila mtu alikwaruza juu yake jina la kumdhihaki mwenzake. Pipa la pili waliligawa kwa kijiji kimoja wakapewa godoro. Nikauliza godoro lilikaa wapi. Nikauliza waliokuwa naye ndani walikuwa akina nani, nani alikoroma, joto lilikuwaje vifuniko vikifungwa. Kasoro tatu zilikwisha thibitishwa zamani. Nilikuwa naandika maswali kichwani haraka kuliko alivyojibu, kama mtu aliyeingia dukani dakika tano kabla halijafungwa.

Mwenyekiti akagonga mlango. "Jaji, watu wanangoja. Bado gurudumu tu?"

"Bado."

"Limekuwa gurudumu la basi?"

"La basi, na bado linapakia. Dakika tano."

Baba alicheka. Alicheka kwa neno nililolisema mimi, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Kisha akakivuta kifaru karibu, akakigeuza kwa kidole.

"Amekipatia," akasema. "Kipo hivihivi. Kimekosa kitu kimoja tu."

"Kipi?"

Akautazama mlango kwanza. "Hapa mbele, kushoto, chini ya madigadi. Palikuwa na kipande cha chuma kimechomelewa. Cha kukanyagia."

"Kitabu hakina..." nikajikamata. "Cha kukanyagia nini?"

"Cha kupandia. Nilikuwa sifiki." Sauti yake ilishuka ingawa tulikuwa wawili. "Wenzangu wanaruka mara moja wako juu. Mimi napanda kwa tumbo kama mtoto anayepanda kitanda cha wazazi. Walinicheka wee. Nikachukua chuma cha kitanda kilichovunjika, nikampa mchomeleaji sigara zangu za wiki mbili, akanichomelea mchana wenzangu wamelala. Kesho yake nikapanda kama wao. Hakuna aliyeuliza."

"Na Ngongoti hukumwambia."

"Yule?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kipuuzi. "Yule nimwambieje? Yule tangu ana miaka kumi anabadilisha balbu bila kiti. Angecheka. Angecheka kwa mapenzi, namjua, lakini angecheka. Wewe unaelewa."

Ninaelewa. Kazini nasimama juu ya kreti ili nifikie tanuri ya nta, na mteja akiingia nashuka kwanza ndipo namkaribisha. Hilo sijamwambia mtu. Baba alikuwa amelijua bila kuambiwa.

"Andika basi," akasema akiinuka. "Sheria ni sheria."

Nikampeleka mpaka mlangoni, nikarudi kukaa na kadi.

Alama za wenzangu zilishaandikwa ubaoni ukumbini, nilikuwa nazijua. Mfamasia mmoja alikuwa anaongoza, tisini na moja jumla, na kifaru chake nilikwisha kukipitisha. Ngongoti alikuwa na hamsini na mbili za gundi na rangi. Nikimpa arobaini, anapata tisini na mbili na kikombe. Nikikata mbili za chuma cha kukanyagia, anabaki na tisini. Na chuma hakikuwepo. Lilikuwa kosa halali, limethibitishwa na shahidi aliyeona kwa macho yake, faraghani, kama sheria inavyotaka. Kwa miaka kumi na sita sijawahi kumwachia mtu alama mbili. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe ningemshinda yule mrefu, tena kwa haki, bila mtu kuninyooshea kidole.

Nikaandika thelathini na nane kwa penseli. Nikaitazama, ikanipendeza.

Halafu nikafikiria sababu. Sababu ingesomwa kwa sauti: kimekosa chuma cha kupandia, mbele kushoto. Ukumbi mzima ungeuliza cha nini. Baba angekodolewa macho akiwa na koti lake la sherehe. Ningependa niseme hilo ndilo lililonizuia, lingenipa sura nzuri. Lilinigusa, ndiyo. Lakini kilichonishika mkono hasa kilikuwa kingine. Nilimwona Ngongoti akisikia ile sababu. Nilimwona Jumapili inayofuata, anaingia chumbani, mlango unarudishiwa: "Baba, hukuniambia kuna chuma! Halafu ikawaje?" Na baba, kwa kuwa limeshasemwa, angesimulia. Wangecheka. Mimi ningeleta chai.

Ngongoti alikuwa na kijito, mpishi, kopo na godoro. Alikuwa na miaka miwili ya Jumapili. Mimi nilikuwa na kipande kimoja cha chuma cha kitanda, na nilikuwa nacho kwa muda wa robo saa. Nikafuta thelathini na nane mpaka karatasi ikachakaa. Nikaandika arobaini kwa wino.

Mwenyekiti aliisoma mara mbili, ya kwanza kimya. "Arobaini kwa arobaini," akatangaza, na ukumbi ukanong'ona, kwani haijawahi kutokea. Mfamasia alinitazama vibaya, na alikuwa na haki. Nimemdhulumu kikombe, najua, na hadi leo nikienda kununua dawa za baba napita duka lake naenda la mbali. Ngongoti alimwinua baba kidogo kutoka kwenye kiti, akamweka chini, kisha akaja kwangu kwa hatua zake tatu ndefu.

"Kaka, asante. Nilidhani utanichinja."

"Umestahili."

"Lakini wewe hujawahi kumpa mtu arobaini." Alikuwa ameinama ili macho yetu yalingane, tabia yake ambayo siipendi. "Kweli hukuona kosa? Niambie tu, nataka nitengeneze kingine. Baba, hakuna nilichosahau?"

Baba alikuwa anafunga vifungo vya koti. "Muulize kaka yako," akasema. "Yeye ndiye jaji."

"Hakuna," nikamwambia, na nikawahi kumshika baba mkono kwenye ngazi kabla Ngongoti hajamfikia.